Shibe Isiyo na Chakula

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Zaburi ya 104, mstari wa 24 hadi wa 30.

 

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza juu ya mnyama ambaye wengi wetu hatujapata kumwona. Si simba, wala si nyangumi. Wataalamu humwita kopepodi. Huishi majini, ni wa jamii moja na kaa na kamba, na ukubwa wake ni kama punje ya wimbi, mara nyingi hata hafiki hapo. Twasema wimbi la uji, si wimbi la pwani. Ana vipapasio viwili virefu kichwani, na viungo vidogo ambavyo huvipigapiga upesi ili kuvuta maji yaje kinywani. Katika maji hayo mna mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, na hiyo ndiyo chakula cha wengi wao. Kopepodi hana shamba wala ghala. Hupiga viungo vyake, akala kile ambacho bahari imemletea.

Usimdharau. Wanyama hawa ni miongoni mwa wanyama walio wengi kabisa baharini. Dagaa na simu huwala hao. Samaki wakubwa zaidi huwala dagaa na simu, na nguru na jodari huwafuata nyuma. Mama anaponunua kipande cha nguru pale soko la Mombasa, amenunua kwa njia ndefu maelfu kwa maelfu ya kopepodi, ingawa mwenye kupima mizani hakuwataja.

Aliyeandika Zaburi hiyo ya 104 aliwataja. Alipoitazama bahari katika upana wake, aliona viumbe wasio na idadi, kisha akasema habari za wadogo na wakubwa, na wadogo akawatanguliza. Baada yao ndipo alipotaja merikebu na yule mnyama mkubwa wa kilindini. Tulipokuwa tukijifunza Kiebrania chuoni, tulioneshwa kwamba neno dogo lililowekwa kati ya wadogo na wakubwa maana yake ni "pamoja na". Wadogo pamoja na wakubwa, kama watu walioketi mkekani kwenye sinia moja. Halafu mwandishi asema kwamba wote hao wanamngoja Mungu awape chakula kwa wakati wake, na kwamba yeye aufunguapo mkono wake, wao hushiba.

Sasa, ndugu msikilizaji, fikiri nasi. Mkono wa Mungu umefunguliwa juu ya bahari tangu mwanzo. Siku hizi kuna mkono mwingine uliofunguliwa juu ya bahari hiyo hiyo, nao ni wa mwanadamu. Mnyama wa kadiri ya punje ya wimbi atajuaje ni mkono upi unaomlisha?

Tuangalie kwanza mkono huo wa pili unamwaga nini. Wewe unalijua beseni la plastiki lililosahauliwa juani nyuma ya nyumba. Mwaka wa kwanza rangi yake hupauka. Mwaka wa pili ukilishika ukingoni, kipande hukatika mkononi kama biskuti. Mwisho watoto hulikanyaga, likawa vipande vipande, mvua ikaja ikavichukua, nasi husema beseni limekwisha. Halikwisha. Ubao huoza ukawa udongo, jani la mgomba huoza, gunia la katani huoza, kwa maana wapo wadudu na viini ambao Mungu amewapa kazi ya kuvila vitu hivyo. Plastiki hupasuka tu. Jua huidhoofisha, mawimbi na mchanga huisaga, na kipande kimoja huwa kumi, na kumi huwa elfu. Wataalamu wanapotaja chembe ndogo za plastiki, huwa wanamaanisha vipande vilivyo chini ya milimita 5, nazo nyingine ni ndogo hata hazionekani bila hadubini.

Nyingine huingia majini zikiwa ndogo tangu mwanzo. Mnamo 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walipima maji yaliyotoka katika kufua nguo. Walikadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki, yaani zile sweta ambazo twadhani ni za sufu na kumbe sivyo, zaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000 katika kufuliwa mara moja. Zipo pia punje ambazo viwanda hununua ili kuziyeyusha na kutengenezea vyombo. Mwaka 2021 meli iitwayo X-Press Pearl iliungua na kuzama karibu na Colombo, katika bahari yetu hii ya Hindi, na punje za namna hiyo zikamwagika kwa tani nyingi mno, fukwe za Sri Lanka zikawa nyeupe.

Habari hizi si mpya kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1972 wataalamu wawili wa Marekani walieleza katika jarida la sayansi kwamba wameona punje na vipande vya plastiki vikielea juu ya Bahari ya Sargasso, katikati ya Atlantiki, mbali na nchi kavu. Wengi wetu mwaka huo tulikuwa bado tunatumia vikapu vya ukindu. Kisha mwaka 2004 Richard Thompson na wenzake wa Plymouth wakachimba mchanga wa ufuoni, wakakuta nyuzi na chembe zisizoonekana kwa macho. Walitazama pia sampuli za planktoni zilizokuwa zimekusanywa na meli tangu miaka ya 1960 katika bahari iliyo kaskazini ya Uskoti, sampuli ambazo zilihifadhiwa kabla mtu yeyote hajafikiria kutafuta plastiki ndani yake. Plastiki ilikuwamo, na iliongezeka kadiri miaka ilivyosonga.

Hawakuishia hapo. Waliwachukua wanyama wa namna tatu: vidudu wanaoruka ufuoni na kula masazo, minyoo ya mchangani ambayo wavuvi hufanyia chambo, na wale wenye magamba wanaojibandika miambani na chini ya mashua na kuchuja maji. Wakawaweka katika vyombo vya maji na kutia chembe kidogo za plastiki. Siku chache tu zilipita, na wanyama wa namna zote tatu walikuwa wamekula.

Kwa nini wale? Wewe ungeweza kuuliza kama ni wapumbavu. Sivyo. Chembe ya plastiki ikikaa baharini kwa muda huvikwa utando wa bakteria na mimea midogo, ikapata utelezi na harufu ya vitu vya bahari. Tangu 2017 imejulikana kwamba kopepodi wa aina fulani hula zaidi plastiki iliyokaa katika maji ya bahari kuliko ile mpya. Mwongo huu huvaa kanzu ya chakula. Mnyama hufanya lile ambalo aliumbwa kulifanya, yaani kuchuja na kula, kwa kuwa kwa vizazi visivyohesabika kila chembe ya kadiri ile iliyompitia ilikuwa chakula au mchanga.

Lugha yetu ya Kiswahili ina neno "kamba" kwa vitu viwili: kamba wa kuliwa na kamba ya kufungia. Watoto hucheza na neno hilo. Huko Uskoti, katika ghuba ya mto Clyde, watafiti walipasua kamba wa baharini wa kule, na katika mwaka 2011 wakatangaza kwamba 83 katika kila 100 walikuwa na plastiki tumboni, nyingi yake ikiwa nyuzi zilizosokotana kama donge la sufu. Kisha wakawapa kamba wengine chambo cha samaki kilichotiwa nyuzi za kamba ya plastiki, aina ile ile ya kufungia mashua. Wakazila, na zikabaki tumboni. Kamba amekula kamba, na hapana mtoto atakayecheka.

Pengine utasema, Mchungaji, hayo ni mambo ya Ulaya. Basi tuje kwetu. Mwaka 2018 watafiti wa hapa Kenya walichapisha habari za kazi waliyoifanya katika bahari yetu wenyewe. Walichota maji ya juu, wakavua wanyama wadogo kwa wavu mwembamba, wakawachunguza mmoja mmoja. Walikuta chembe 129 zilizomezwa. Kwa wastani, katika kopepodi 100 mlikuwa na chembe 33. Katika minyoo-mshale 100, wale wadogo waangavu wanaowinda kopepodi, mlikuwa na chembe 46. Katika samaki wachanga 100, ambao ndio kwanza wameanguliwa, mlikuwa na 16. Na katika kila chembe 100 zilizoliwa, 97 zilikuwa nyuzi. Hiyo ni bahari ya Kenya, ndugu zetu, ambako samaki wetu huzaliwa.

Hapa twataka kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi husikia habari hizi na kufikiri mara moja juu ya sumu. Ni kweli plastiki ina dawa zilizotiwa kiwandani, na yaweza kunasa dawa nyingine majini. Lakini madhara yaliyoonekana wazi kwa wanyama hawa wadogo ni ya namna nyingine, na tulipoyasoma tulishtuka kwa jinsi yanavyofanana na mambo tunayoyajua. Mnyama hushiba, na chakula hakipo.

Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza waliwaweka kopepodi katika maji yenye mimea yao midogo ya kula, na ndani yake wakatia vidonge vidogo mno vya plastiki. Kwa siku moja, kopepodi wale walipata chakula pungufu kwa asilimia 40 kuliko wenzao walio katika maji safi. Hawakufa. Waliendelea kuogelea, waliendelea kupumua, waliendelea kutaga mayai kwa idadi ile ile. Lakini walipokaa hivyo kwa siku kadhaa mayai yao yalikuwa madogo zaidi, na yaliyoanguliwa yalikuwa machache. Mtu angewatazama kwa juu juu angesema hawana neno.

Minyoo ya mchangani iliyojaribiwa mwaka 2013 ilipoteza hata nusu ya akiba ya nguvu mwilini. Chaza waliochunguzwa Ufaransa, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, walitoa mayai pungufu kwa asilimia 38. Na kome wa Ulaya, mwaka 2008, walionekana wakiwa na chembe ndogo ambazo katika siku tatu zilikuwa zimetoka tumboni zikaingia katika damu yao, na baada ya siku 48 bado zilikuwamo.

Yatupasa kusema kweli yote. Katika majaribio mengi ya namna hii plastiki iliyotiwa ni nyingi kuliko iliyomo katika bahari ya kawaida, na wanyama wengi huitoa pamoja na kinyesi baada ya saa chache. Hatuji redioni kuwatisha watu wasile samaki. Samaki ni chakula chema, na Bwana wetu mwenyewe alikula samaki wa kuokwa baada ya kufufuka. Lakini kiasi cha plastiki baharini hakipungui. Mnamo 1950 dunia nzima ilitengeneza plastiki kiasi cha tani milioni 2. Mnamo 2015 ilitengeneza tani milioni 380. Mambo yanayofanyika katika chombo cha mtaalamu leo, kesho yaweza kufanyika katika hori ya Tudor.

Naam, shibe isiyo na chakula. Nabii Hagai aliwaambia watu wa siku zake kwamba wanakula lakini hawapati kutosheka. Isaya aliwauliza wenzake kwa nini watoe fedha kwa kitu ambacho si mkate. Wao walisema habari za binadamu. Sisi leo tumefikisha jambo hilo mpaka kwa viumbe wasio na fedha wala uchaguzi. Na Bwana Yesu, katika Injili ya Luka, mlango wa 11, aliuliza swali ambalo kila mzazi hulijibu bila kufikiri: baba gani, mwanawe akimwomba samaki, atampa nyoka? Swali hilo lina nguvu kwa sababu mtoto hana namna ya kujikinga. Hufungua kinywa kwa imani. Yeyote anayefungua kinywa mbele yako amekuamini.

Tunajua liko neno ambalo mtu mmoja analisema moyoni sasa hivi: watoto wa watu wanalala njaa, na Mchungaji anazungumza juu ya vidudu. Ndugu, hatukulaumu. Lakini mwulize mvuvi wa Gazi au wa Ngomeni kama samaki wa kesho hawamhusu mtoto mwenye njaa. Waulize akina mama wanaochimba kombe matopeni maji yakitoka. Watafiti wamekwisha kukuta chembe hizi ndani ya kombe wa pwani ya Tanzania, jirani zetu. Tena maskini ndiye alaye dagaa mzima, kichwa, tumbo na yote. Mwenye mali hukatiwa mnofu safi na kutupa matumbo.

Na mwingine asema, hiyo plastiki ndiyo iliyotusaidia. Kweli. Mtungi wa udongo ulikuwa mzito mgongoni na ulivunjika njiani. Jerikeni lilimpunguzia mama mzigo. Wavu wa nailoni hauozi kama wa pamba. Hospitalini, chupa ya maji inayoning'inia juu ya mgonjwa na mrija wake ni plastiki, nasi tumeketi kando ya vitanda vingi tukimshukuru Mungu kwa mrija huo. Plastiki haikutoka kwa Shetani. Sifa ile ile iliyotufanya tuipende, kwamba haiozi, ndiyo inayosumbua inapofika mahali ambapo kila kitu kingine huoza na kuwa chakula cha mwingine.

Nanyi wasikilizaji wa bara, msizime redio mkidhani haya ni ya watu wa pwani. Mto Nairobi hupita kando ya jaa la Dandora. Huungana na Athi. Athi ukiteremka nyikani huitwa Galana, kisha Sabaki, nao huingia baharini karibu na Malindi. Tana hukusanya maji ya Nyandarua na ya Mlima Kenya, huyapitisha Garissa, na kuyatoa karibu na Kipini. Kofia ya chupa iliyoangushwa mtaroni Machakos ina safari mbele yake, na haina nauli ya kulipa. Hata ninyi wa Kisumu na Homa Bay, ambao maji yenu hayaendi bahari ya Hindi: mwaka 2016 ilitangazwa kwamba samaki walionunuliwa sokoni Mwanza, ng'ambo ya ziwa lenu, walichunguzwa, na mbuta mmoja kwa kila watano, vivyo hivyo na ngege, alikuwa na plastiki tumboni.

Hata kilindini hakuna kimbilio. Wataalamu wa Newcastle walishusha mitego katika mabonde sita yaliyo chini kabisa ya bahari ya Pasifiki, ambamo giza ni la daima, na mwaka 2019 wakasema kwamba vidudu 72 katika kila 100 waliopasuliwa walikuwa na plastiki. Wale wa bonde la Mariana, zaidi ya kilomita 10 chini ya maji, walikuwa nayo wote. Mwaka uliofuata mmoja wa aina mpya waliogunduliwa huko alipewa jina la kitaalamu linalotokana na plastiki. Adamu aliwapa wanyama majina, nasi twaendelea na kazi hiyo.

Basi tufanyeje? Hatutaki kumwekea mzigo wote mama mwenye mfuko mmoja wa maziwa mkononi, naye anaishi katika mtaa ambao gari la taka halijafika tangu uchaguzi uliopita. Yeye hakuitengeneza plastiki hiyo wala hakuulizwa kama anaitaka. Serikali yetu ilifanya jambo kubwa tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Wengi walisema haiwezekani, na baada ya miezi michache tulikuwa tukibeba vikapu tena kama mama zetu. Tarehe 2 Machi 2022 mataifa yalikutana hapa Nairobi, pale Gigiri, yakakubaliana kuandika mkataba wa dunia nzima juu ya plastiki kabla ya mwisho wa 2024. Walikutana Busan mwishoni mwa mwaka huo, wakaachana bila mkataba. Wakakutana tena Geneva mnamo Agosti 2025, wakaachana bila mkataba. Shida mojawapo kubwa ni kwamba nchi nyingi zataka kupunguza plastiki inayotengenezwa, na nchi zenye kuuza mafuta, ambayo ndiyo asili ya plastiki, hazitaki. Manabii wa zamani walijua mlango wa kusimama katika shauri la namna hii. Haukuwa mlango wa mjane.

Lakini uko mlango ulio mikononi mwetu, nao ni wa kanisa. Baraza la Ushauri la Waanglikana lilipoongeza alama ya tano ya utume mwaka 1990, lilisema wazi kwamba kutunza uumbaji ni sehemu ya kazi ya Kanisa, sawa na kuhubiri na kuwahudumia wahitaji. Basi mabibi wa Umoja wa Akina Mama na wazee wa kanisa watazame siku ya harusi au ya harambee, watu wakiisha kuondoka. Wahesabu chupa na vikombe vilivyolala chini ya miembe. Mtungi mkubwa wa maji yaliyochemshwa na vikombe vya bati hununuliwa mara moja, na hutumika kwa ubatizo wa watoto na wajukuu. Na maua ya plastiki juu ya makaburi, hayo twasema kwa upole kwa kuwa tunajua yamewekwa kwa upendo: jua la miaka mitatu huyafanya unga, na mvua huuchukua. Mpandie marehemu mti.

Na wapo waliojaribu jambo la furaha. Huko Lamu mafundi walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, wakalifunika kwa vipande vya champali za rangi zote, wakaliita Flipflopi. Mwanzoni mwa 2019 lilitweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, kama kilomita 500, likitua bandari kwa bandari na kuwafundisha watoto wa shule. Jahazi moja haliwezi kuisafisha bahari, na mafundi wenyewe hawakusema linaweza. Lakini kila champali iliyopigiliwa ubavuni mwake haitakuwa chembe tumboni mwa mtu yeyote.

Jua likitua jioni ya leo, kopepodi wengi watapanda kutoka chini hadi karibu na uso wa bahari, kama wafanyavyo kila usiku, na kabla ya mapambazuko watashuka tena. Watakuwa wamekuja kula.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyewaumba wadogo pamoja na wakubwa, twawaombea wavuvi walio baharini saa hii, na akina mama wanaochimba kombe. Twawaombea vijana wanaochambua taka Dandora, uwalinde mikono na mapafu. Twawaombea wanaotazama katika hadubini, wasichoke. Twawaombea wajumbe wa mataifa, wasiachane tena mikono mitupu. Utupe leo chakula kilicho chakula kweli, sisi na viumbe wako wote wanaokungoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.